Jibu: sweta ya mtoto inajikunja pindoni, na kwa mvua hii haikauki

Dada pole, umefuma wiki tatu halafu pindo linajikunja kama karatasi, hata mimi yalinikuta hapa Njombe. Sio mkono wako, ufumaji wa upande mmoja laini mwingine nundunundu ndo tabia yake. Usifumue yote, okota vitanzi pale pindoni ushushe safu kama 10 za vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, itatulia. Ukifua usiikamue wala kuianika kwenye kamba, itarefuka mpaka avae baba yake 😂 iviringishe kwenye taulo ukandamize, kisha itandaze. Ila usijifungie ndani na jiko la mkaa eti ikauke, ile hewa inaua. Na hiyo ganzi ya vidole uliyosema inakupata usiku, pumzisha mikono, isipoisha kamwone daktari.