Kishikwambi hakitoi picha kwenye projekta, tatizo ni waya?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa Biolojia, shule ya sekondari ya kata. Nina kishikwambi cha Samsung Galaxy Tab A8, na shule ina projekta yenye matundu ya picha ya HDMI na VGA. Nilinunua adapta ya USB-C kwenda HDMI, ile yenye tundu la flashi pembeni. Nikichomeka, projekta inaandika "No Signal". Nimebadilisha adapta, mambo ni yale yale. Cha ajabu, flashi inasoma vizuri kupitia adapta hiyo hiyo. Kishikwambi ni kibovu au nimeuziwa feki?

JIBU: Salama, Mwalimu. Kishikwambi chako ni kizima, na adapta nayo sina sababu ya kuishuku. Hiyo flashi inayosoma ndiyo inayotoa jibu: tundu lako la chaji linapitisha umeme na mafaili, lakini picha halitoi.

Matundu ya USB-C yanafanana kwa umbo, kazi zake hazifanani. Ili picha itoke, kifaa lazima kiwe kimeundwa kupitisha mfumo wa picha uitwao DisplayPort kwenye tundu hilo, na watengenezaji hawauweki kwenye vishikwambi vya bei nafuu. Tab A8 haina, A7 Lite haina. Tab S8 na S9 zinao. S6 Lite haina, licha ya hiyo herufi S inayowaponza wengi dukani. Kwa wenye iPad ya USB-C, adapta kama yako inafanya kazi bila shida; zile za tundu la Lightning zina adapta yake maalumu. Kwa hiyo usinunue adapta ya tatu ya aina hiyo. Muuzaji atakwambia "hii ni orijino", na kweli inaweza kuwa orijino, ila picha hutaiona.

Njia ninayokushauri ni kipokezi cha Miracast, yaani mfumo wa kurusha picha bila waya. Ni kidude kidogo kinachochomekwa kwenye HDMI ya projekta, kikiwa na mkia wa USB wa kupata umeme wa volti 5. Mkia huo usiuchomeke kwenye USB ya projekta. Projekta nyingi hutoa umeme mdogo hapo, na kipokezi kinawaka na kuzima katikati ya kipindi. Tumia kichwa cha chaja ya simu na ekstensheni. Chagua HDMI kwenye projekta, na jina la kipokezi litatokea ukutani. Washa Wi-Fi ya kishikwambi, vuta menyu ya juu, bonyeza Smart View, chagua jina hilo.

Bando halihitajiki. Nalisema hili kwa sababu walimu wengi hudhani shule isiyo na intaneti haiwezi kutumia njia hii. Kishikwambi na kipokezi huongea vyenyewe kwa mawimbi ya Wi-Fi, hata kama kijiji kizima hakina mtandao. Chromecast, kidude cha Google kinachofanana na hicho, ni habari nyingine: hiyo inataka mtandao wa Wi-Fi uwepo, kwa hiyo soma boksi vizuri kabla ya kulipa. Picha itachelewa kidogo nyuma ya kidole chako. Kwa slaidi na mchoro wa moyo haisumbui, kwa kuandika kwa kalamu inakera.

Kama kuna laptopu ya Windows 10 au 11 hapo ofisini, huenda usinunue chochote. Ongeza kipengele cha Wireless Display kwenye mipangilio yake, na laptopu yenyewe itapokea picha ya kishikwambi, kisha uiunganishe na projekta kwa waya wa kawaida. Ijaribu mapema, maana si kila laptopu ina Wi-Fi inayokubali.

Siku HDMI ya projekta ikifa ukabaki na VGA, utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA. Waya mtupu wenye vichwa viwili hausaidii, kwa kuwa mifumo hiyo miwili haisomani. VGA haibebi sauti, kwa hiyo chukua kigeuzi chenye tundu la spika.

Kabla ya kuingia darasani, laza kishikwambi kwa upana, la sivyo picha itakuwa kijiukanda katikati ya ukuta. Na washa "Usinisumbue". Kidato cha Tatu hawana haja ya kusoma meseji za kikundi cha harusi.