Barua kwa mwanangu: yule mzee wa suti ya njano

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Meseji yako nimeisoma, nikamsomea na mama yako, akasema mjibu wewe bwana maana mambo ya muvi ni yako. Kama nimekuelewa unauliza hivi: umeshaigiza jirani mmbea, umeigiza nesi, umeigiza shangazi mwenye kelele kwenye harusi, na sasa wamekuita tena uwe mama ntilie wa sini mbili tu, je mtu anaweza kuishi hivyo maisha yake yote kwa vipande vidogo vidogo au bora uache urudi kwenye kazi ya ofisini. Ukamalizia kwa kuniuliza yule muigizaji ninayemtajaga kila mara, mzee wa Kimarekani mwenye tumbo na sauti ya kukwaruza, anaitwa nani hasa na aliishia wapi.

Ni maswali mawili ila kwangu mimi jibu ni moja, ndo maana leo naandika badala ya kupiga simu, simu vocha inaisha katikati ya stori.

Anaitwa M. Emmet Walsh. Hiyo M ni Michael. Wewe umeshamuona mara nyingi tu na hukujua. Kwenye Blade Runner ya 1982 ndiye bosi wa polisi anayemrudisha Harrison Ford kazini kwa nguvu, yule anayemmiminia pombe huku anamtisha. Ile Knives Out ya 2019 uliyoniwekea kwenye laptop ulipokuja likizo, yule babu mlinzi anayewaonyesha kina Daniel Craig kanda za kamera, ni yeye, wakati huo ana miaka zaidi ya 80. Na sisi wa rika langu tulianza kumuona kwenye kibanda umiza tukiwa wadogo, maana yumo kwenye Missing in Action ya 1984, ile ya Chuck Norris anarudi Vietnam kuokoa mateka. Sisi wote tulikuwa tunamwangalia steringi, nani amwangalie mzee mwenye kitambi kule Bangkok anayemtafutia steringi boti? Mimi nilimwangalia. Sijui kwa nini, ila nilikuwa naona kama yule mzee ana maisha yake kabisa nje ya ile muvi, kana kwamba wakizima deki yeye anaenda zake nyumbani ana madeni ya kulipa.

Alizaliwa Machi 22, 1935 huko Ogdensburg, jimbo la New York, akakulia Swanton, kamji kadogo Vermont karibu na mpaka wa Canada, baba yake alikuwa mtu wa forodha. Akiwa na miaka 3 akafanyiwa operesheni ya mfupa wa nyuma ya sikio na tangu hapo sikio la kushoto halikusikia tena. Sasa nakuomba uliweke hilo akilini kwanza maana wewe unalalamika kwamba sura yako siyo ya kwenye bango la muvi. Huyu alikuwa kiziwi upande mmoja, na kuigiza ni kusikiliza, wewe mwenyewe unajua, mwenzako akikosea mstari lazima umsikie umdake. Chuoni Clarkson akasoma biashara, akamaliza 1958. Halafu akaenda mjini New York kusoma uigizaji, na baada ya hapo miaka mingi ni jukwaa, jukwaa, jukwaa, vikundi vya majira ya joto vinavyozunguka miji midogo, mpaka 1969 yumo kwenye mchezo mmoja Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, ambao Al Pacino, wakati huo hajulikani, ndo aling'ara nao akachukua tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya jukwaa. Nani alimkumbuka Walsh kwenye mchezo huo? Hakuna. Mwaka huohuo ndo anaanza kuonekana onekana kwenye sinema, kwenye Midnight Cowboy yeye ni abiria tu wa basi. Piga hesabu, 1935 mpaka 1969. Miaka 34 na ndo kwanza ni abiria wa basi! Wewe una 27 unaniambia umechelewa.

Ninachotaka ukione ni kwamba yule mtu hakuwa anasubiri. Waigizaji wengi wa vipande vidogo ukiwaangalia vizuri unaona wanasubiri, wanaigiza huku jicho moja liko kwa dairekta kama vile wanasema nione basi, nipe kubwa. Walsh hana hiyo kitu kabisa. Alijijua hatawahi kuwa kijana mzuri anayembusu binti mwisho wa muvi, basi akawa askari, kocha, mwandishi wa magazeti, bosi mkali, mlevi, mzee wa gereji, kila mtu ambaye steringi anamkuta njiani. Miaka ya 70 ukiifuatilia unamkuta tu: Serpico ya 1973 yeye ni mkubwa wa polisi, Slap Shot ya 1977 ni mwandishi wa michezo anayeandika chochote Paul Newman anachompandikiza, The Jerk ya 1979 ni kichaa mwenye bunduki ambaye anafungua kitabu cha namba za simu, anachagua jina lolote, anaamua huyu leo nitamuua, na hilo jina likawa la Steve Martin. Mwaka 1980 ni kocha wa kuogelea kwenye Ordinary People, muvi iliyochukua Oscar ya filamu bora. Hizo Oscar hakuna hata moja iliyomhusu yeye, sawa, ila jaribu kumtoa uone kama sini inasimama.

Iliyobadilisha mambo ni Straight Time ya 1978. Dustin Hoffman ametoka jela, Walsh ndo afisa anayemsimamia huko nje, na hapo nakuomba uangalie kwa makini sana kama mwanafunzi. Mtu mwingine angemfanya yule afisa adui wa kawaida, anakunja uso anapiga kelele. Walsh anatabasamu! Anaongea kirafiki, anamwita kwa jina, anacheka cheka, na kila neno ni kisu, mpaka siku Hoffman anachoka anamshambulia ndani ya gari, anamfunga pingu kwenye uzio wa barabara kuu, anamshusha suruali anamuacha pale magari yanapita. Unacheka, unaona ametendewa haki, halafu baada ya dakika unaanza kumuonea huruma. Hiyo ni kazi ya sini chache tu.

Sasa kuna vijana wawili, ndugu, Joel na Ethan Coen, waliiona hiyo muvi. Hawajawahi kutengeneza filamu ndefu, hela hawana, wakawa wanazunguka kwa watu wa kawaida wenye kipato, wengi kwao Minnesota, wanawaonyesha kipande cha tangazo la muvi ambayo haipo, wanachangiwa kidogo kidogo mpaka ikafika kama dola milioni 1.5. Na kwenye skripti wakaandika mtu mmoja huku wanamfikiria Walsh. Ndo Blood Simple, ilishutiwa Texas mwaka 1982, ikaonyeshwa 1984. Ndo suti ya njano ninayoisemaga. Yeye ni mpelelezi binafsi, jasho linamtoka, nzi wanamzunguka, anaendesha kigari cha Volkswagen, kofia kichwani, anacheka kicheko kama mtu anakohoa, na kazi aliyopewa ni kumuua mke wa mwenye baa pamoja na hawara yake. Mke ni Frances McDormand, hiyo ikiwa muvi yake ya kwanza. Sitakuambia inaishaje, ila sikiliza mwanzo tu, sauti ya kwanza inayoongea juu ya barabara na visima vya mafuta ni yake, na angalia jinsi asivyomchukia mtu yeyote. Anaua kama fundi anayefunga koki. Hilo ndo linatisha.

Kuna hadithi inasimuliwa kuhusu seti ile, kwamba Joel alimwomba afanye kitu fulani ambacho Walsh hakuona maana yake, Joel akasema basi fanya tu kunifurahisha, mzee akamjibu kwamba muvi nzima hii anaifanya kumfurahisha yeye. Nacheka kila nikiikumbuka. Lakini akafanya! Na 1986, tuzo za Independent Spirit, zile za filamu zisizo za studio kubwa, zilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, tuzo ya muigizaji bora wa kiume wakampa yeye. Sasa mtu mwingine hapo angesema basi mimi sasa ni steringi, sipokei tena sini mbili. Mwaka unaofuata, 1987, haohao Coen wakamuita kwenye Raising Arizona, kipande kifupi mno, mtu wa karakana anayemsimulia Nicolas Cage habari za ajali huku kazi inaendelea, mwenzake wala hamuulizi. Akaenda. Na kile kipande watu wanakijua kwa kichwa mpaka leo.

Roger Ebert, yule mhakiki wa filamu wa Chicago, aliweka kanuni kabisa, kwamba filamu yoyote ambayo Harry Dean Stanton, muigizaji mwenzake wa vipande vidogo, au M. Emmet Walsh yumo kama msaidizi haiwezi kuwa mbaya yote. Straight Time wamo wote wawili, sasa jumlisha mwenyewe. Baadaye ilibidi Ebert akubali kwamba kanuni ina nyufa, Wild Wild West ya Will Smith ilikuwa imeoza na Walsh yumo ndani anaendesha treni.

Na hapa mwanangu lazima nikwambie na upande wa pili, nisije nikakuuzia mtakatifu. Mtu anayepokea kila kazi anapokea na zile za ovyo. Mwaka 1988 Walsh yumo kwenye Red Scorpion ya Dolph Lundgren, dairekta ni yuleyule Joseph Zito wa Missing in Action, na yeye ni mwandishi wa Kimarekani mwenye mdomo mchafu anayezunguka na waasi kwenye nchi ya kubuni ya Afrika. Ilishutiwa Namibia. Namibia ipi? Namibia ile ambayo bado iko mikononi mwa makaburu, uhuru haukuja mpaka Machi 1990. Watu waliokuwa wanapinga ubaguzi walipiga kelele sana kuhusu hiyo filamu, na walikuwa na haki. Sisi tuliokulia nchi ya mstari wa mbele, tuliokuwa tunaimba shuleni habari za ukombozi, kumuona mtu wangu kule ndani kuliniuma, na hata leo nikiiona kwenye TV nazima. Kuigiza mama ntilie wa sini mbili siyo aibu hata kidogo, ila wewe uliza nani anatoa hela na muvi inasema nini, kuna kipande kidogo ambacho hutakiwi kukipokea hata wakikupa nyumba.

Aliendelea mpaka uzeeni. Romeo + Juliet ya 1996 yeye ndo muuza dawa anayempa DiCaprio sumu. Ile nafasi ya Knives Out wala haikuandikwa kwa ajili yake, ilikuwa ya muigizaji mwingine, Ricky Jay, Ricky akafariki 2018, wakamuita Walsh. Dairekta Rian Johnson alisimulia kwamba mzee alikuja seti na vitu viwili. Kwanza karatasi moja ya orodha ya kazi zake, herufi ndogo ndogo, safu mbili, imejaa ukurasa mzima, na muvi kubwa kubwa tupu. Pili noti za dola mbili mbili, akawagawia kruu nzima, mtu wa taa, mtu wa waya, wote, akiwaambia usiitumie na hutafulia maisha yako. Hebu fikiria, hao wote walikwenda nyumbani na noti yake mfukoni, na steringi wa siku hiyo wala hakuwa yeye.

Alifariki Machi 19, 2024 huko St. Albans, Vermont, jirani kabisa na Swanton alikokulia, zimebaki siku tatu afikishe miaka 89. Filamu na vipindi vya TV alivyoshiriki vinapita 200.

Kwa hiyo umeniuliza je mtu anaweza kuishi hivyo. Yeye aliishi, Marekani lakini, ambako waigizaji wana chama cha nguvu na muvi yako ikirudiwa kwenye TV hela kidogo inaingia. Kwetu hakuna hiyo, wewe unalipwa siku ukishuti na basi, tena wakati mwingine baada ya kukimbizana nao, kwa hiyo sitakudanganya kwamba hesabu ni ileile. Mimi na mama yako tumekaa tumeona hivi: tafuta kazi ya nusu siku, hata ya mapokezi, isiyokubana lokesheni, ila usiache. Na huyo mama ntilie mchukue. Kabla hujaenda kashinde asubuhi moja kwa mama ntilie wa kweli hapo mtaani kwenu, umuangalie anavyoongea na wateja wenye deni la jana huku anapakua, macho yake yako wapi, mkono uko wapi, watu wengi wakiigiza mama ntilie wanapiga tu kelele na kushika mwiko.

Halafu nitumie orodha ya kazi zako zote ulizofanya, jina la tamthilia, mwaka, na ulikuwa nani, hata zile ambazo jina lako halikutokea mwishoni. Mdogo wako ana printa pale anapofanyia kazi, nitamwambia akuchapie kwenye karatasi moja, safu mbili.

Mama yako anasalimia, anauliza ule mchele ulifika?

Baba