Nyuzi saba au mishono saba?

Swali: Mimi ni fundi wa kushona nguo, Kisauni, Mombasa. Mwanangu alikatwa na kioo mkononi, na hospitalini tukaambiwa "ameshonwa nyuzi saba", na kwamba ndani ametiwa "uzi wa kuyeyuka". Nilimwona muuguzi akitumia uzi mmoja tu. Hizo saba zimetoka wapi? Na je, uzi huyeyuka?

Jibu: Kwanza mpe pole kijana. Kwa fundi wa nguo, uzi ni kitu na mshono ni kazi iliyofanywa kwa kitu hicho, na ndiyo maana ubavu mzima wa kanzu waweza kushonwa kwa uzi mmoja usiokatwa. Muuguzi hakushona hivyo. Yeye huchoma ngozi kwa sindano iliyopinda, akaitokeza ukingo wa pili, akafunga fundo, akakata, kisha akaanza upya mbele kidogo. Kwa hiyo alipomaliza, ule uzi mmoja uliouona ulikuwa umekwisha kuwa vipande saba, kila kimoja na fundo lake, hata kimoja kikikatika vile sita vingine visilegee. "Nyuzi saba" ni hesabu sahihi, na "mishono saba" ni sahihi vilevile. Maneno haya huachana pale daktari anaposhona mfululizo bila kukata, kama wewe upigavyo bandi, akifunga fundo mwanzo na mwisho tu: hapo mishono yaweza kuwa ishirini na uzi ukabaki mmoja.

Kwa sababu hiyo hiyo husemwa "kutoa nyuzi", wala si "kufumua", kwani kila kipande hukatwa na kuvutwa peke yake. Kufumuka kumebakizwa kwa balaa: "jeraha limefumuka" ni kusema kingo zimeachana kabla ya kushikana.

Ama "kuyeyuka", neno hili lina kasoro, ingawa sioni sababu ya kumsahihisha muuguzi aliyelitamka. Barafu na samli huyeyuka kwa joto, na mtu aliyezoea hayo hudhani uzi utatoweka kwa siku moja au mbili. Uzi wa kale wa aina hii, uitwao katiguti, hutengenezwa kwa utumbo wa kondoo au wa ng'ombe (paka hahusiki, jina lisikudanganye), nao humeng'enywa na vimeng'enya vya mwili, kwa namna isiyo mbali sana na nyama tumboni. Nyuzi za viwandani za siku hizi, kama poliglaktini, huvunjwavunjwa polepole na maji yaliyomo mwilini, kisha vipande vyake vikafyonzwa. Poliglaktini ya kawaida hushika kwa muda wa wiki tatu hivi, na huchukua siku 56 hadi 70 kumalizika kabisa. Kwa maandishi, basi, ningechagua "uzi unaofyonzwa na mwili", kwa kuwa sifa hii inajumuisha aina zote mbili; kwa mazungumzo "uzi wa kuyeyuka" unaeleweka, mradi mgonjwa aambiwe kwamba ncha ikichomoza wiki ya pili si kosa la mtu, na asiivute.

Kinyume chake ni "uzi usiofyonzwa". Hariri imewekwa kundi hili, japo nguvu zake hupungua kadiri miezi inavyopita. Nailoni pia imo humo, na mvuvi yeyote wa pwani akiishika atasema huu ni mshipi mwembamba, tena hatakosea sana: ni uzi wa mfuo mmoja, haukusukwa, unateleza na unapenda kurudia umbo lake, ndiyo maana daktari huongeza mafundo juu ya fundo. Ikiwa zile saba za juu ya ngozi ni za nailoni, hazitayeyuka wala kufyonzwa. Za mkononi kwa kawaida hutolewa baada ya siku 7 hadi 14 kutegemea mahali palipokatika, nawe ufuate tarehe aliyopangiwa.