Usiandike barua ya kuacha kazi bado

Mkuu, unasema wamekupigia simu kuwa umepata kazi, na unauliza kama uache ya sasa Ijumaa hii. Subiri kwanza. Simu si mkataba. Ngoja karatasi yenye mshahara, tarehe ya kuanza na sahihi zenu wote wawili. Kama bado wanahakiki vyeti au wanataka upime afya, hayo yaishe kabla hujamwambia bosi; hapo ndipo wengi huachwa solemba.

Kisha notisi. Kwa wa mshahara wa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inataka angalau siku 28, ila soma mkataba wako, huenda unadai zaidi. Ukichomoka ghafla, jiandae kukatwa kwenye stahiki zako. Waombe hao wapya wakusogezee tarehe.