Zanzibar Aprili? Subiri Julai

Aprili hapana, hata kama bei ya hoteli imekushawishi. Hapo masika yamekolea: mvua inaweza kushinda siku nzima, na baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga kabisa mpaka Juni. Nenda kati ya Julai na Septemba. Upepo wa kusi unavuma, jua lipo ila halichomi sana, na usiku unaweza kulala bila feni. Nimekulia Jambiani, nasema nilichokiona: nguo za kuanika asubuhi mwezi wa saba, adhuhuri unazikunja, za Aprili zinakaa kambani siku tatu na bado zinanuka uvundo.

Januari na Februari pia ni kavu, ila ni joto la kaskazi na bei ziko juu. Vuli ya Novemba haitishi, mara nyingi inapiga saa moja kisha inaanua.

Ila ujue, huku mashariki (Paje, Jambiani) maji yakipwa utayafuata mbali kwa miguu, msimu wowote. Kama unataka kuogelea muda wote, kaa Nungwi au Kendwa.