Kabla hujanunua mashine ya kutafuta rupia, nisikilize kwanza

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Urambo. "Shikamoo mzee. Nimeuza tumbaku, nina milioni moja na laki sita. Ninunue ditekta gani ili nipate rupia za Mjerumani?" Ditekta ni mashine ya kutafutia vitu vya chuma na madini ardhini, na rupia ni sarafu za zamani za enzi za Wajerumani. Nikamwitikia marahaba, nikamwomba asubiri nimwandikie kirefu. Jibu ndilo hili. Naliweka hadharani kwa sababu najua hayuko peke yake, na kwa sababu mwezi uliopita nimepata kitu nilichokitafuta miaka minne, na moyo wangu umejaa.

Mimi ni fundi redio hapa Tabora. Nilipoiona ditekta mara ya kwanza niliielewa upesi: ile sahani ya chini ina koili, koili inatuma sumaku ardhini, chuma au shaba ikiguswa inajibu, na wewe unasikia mlio masikioni. Basi. Kwa sarafu moja mashine hizi za kawaida zinafika sentimita 20, zikijitahidi sana 30. Kijana wangu, shika hapo. Mtu akikuambia mashine yake inaona sanduku la dhahabu mita kumi chini, au ina antena mbili zinazogeuka zenyewe kuelekea mali iliyo ng'ambo ya mto, funga mfuko wako uondoke.

Nasema hivyo kwa uchungu, maana mimi sikuondoka. Na ufundi wangu wote, sikuondoka.

Tulikuwa watu watano. Mmoja alikuja na ramani iliyochakaa na habari za jiwe lenye alama ya msalaba, kwamba Wajerumani walipokimbia Tabora mwaka 1916 walifukia mali hapo. Historia yenyewe ni ya kweli, Wabelgiji waliingia mjini Septemba mwaka ule, na ukweli huo ndio uliotumaliza. Mwongo hodari huchukua kitu unachokijua na kukifungia ndani ya usichokijua. Akaja mwenye antena, akaja mganga, akatakiwa kuku mweusi, ikatakiwa fedha ya "kufungua". Nilitoa 1,200,000, fedha ya mabati ya nyumba yangu. Kibaya zaidi nilimshawishi shemeji yangu, naye akatoa laki saba. Tulichimba usiku tatu, tukashuka mita nne hadi mwamba. Asubuhi ya nne mwenye antena hakuwepo na simu yake haikupatikana tena.

Shemeji hajakanyaga kwangu tangu siku hiyo. Tulikutana kwenye msiba wa mama mkwe, akanipa mkono huku anatazama pembeni. Laki saba nilishamrudishia, kidogo kidogo. Ule mkono sijui nitaurudisha kwa nini.

Kwa hiyo somo langu la kwanza: usichimbe usiku. Kazi inayohitaji giza si ya kwako. Mali halali huchimbwa saa tatu asubuhi, mwenye shamba amesimama hapo na watoto wanachungulia.

Mashine yangu mwenyewe niliinunua baadaye, ya mkono wa pili, ndogo. Miezi ya mwanzo sina la kusimulia: vifuniko vya soda, misumari, vipande vya sufuria. Karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara inalia karibu sawa na dhahabu nyembamba, kwa hiyo utachimba nyingi. Udongo wetu mwekundu nao una chuma, unaipigisha mashine kelele mahali pasipo na kitu mpaka uisawazishe na ardhi kila unapohama. Yapo pia mawe mazito meusi yanayolia kama chuma kamili. Nilikuwa nayatupa kwa hasira. Siku hizi nayaleta nyumbani. Nina trei sita za mayai zimejaa mawe, kila tundu na kikaratasi: limetoka wapi, lini, kina gani. Mwanangu wa mwisho anayajua kuliko mimi.

Sarafu yangu ya kwanza ya maana ilikuwa pesa moja ya mwaka 1890, ya kampuni ya Wajerumani, zile ambazo 64 zilifanya rupia. Upande mmoja tai, upande wa pili maandishi ya Kiarabu, maana walijua watu wa huku wanasoma herufi gani. Ilitoka na ukoko wa kijani. Mimi nikaona uchafu. Nikaikamulia ndimu, nikachukua steliwaya ya jikoni, nikasugua. Iling'aa kama kikombe kipya. Halafu nikaisogeza dirishani: tai amebaki kivuli, na ile mistari myembamba ya Kiarabu imeisha kabisa. Ilikaa ardhini zaidi ya miaka mia na maandishi yake, nikayafuta kwa dakika kumi. Bado ninayo, sitaki kuiuza wala kuitupa. Tafadhali, ukipata sarafu iloweke katika maji safi, iache ikauke, ishike kwa kingo. Usisugue. Hata kama mke anacheka, usisugue.

Kuhusu sheria nitasema kifupi. Kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni kumbukumbu ya kale kwa sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964. Huruhusiwi kukitafuta wala kukifukua bila leseni. Magofu na maeneo yaliyohifadhiwa usiyakaribie na mashine, wala makaburi, ya Mjerumani au ya babu yako. Dhahabu ya ardhini ni madini, na madini ni mali ya taifa hata shamba likiwa na hati ya jina lako; ukitaka hayo, kachukue leseni ya uchimbaji mdogo. Na ukikuta risasi kubwa au kitu chenye umbo la bomu, usikiguse. Huku walipigana. Weka alama, ita polisi.

Sasa nije kwenye furaha yangu.

Kuna bibi mmoja, nyumba yake iko chini ya miembe ya zamani si mbali na reli. Nilipita pale miaka miwili nikitamani ule uwanja na sikuthubutu. Mwezi uliopita nilipiga hodi bila mashine, nikiwa na sukari kilo moja. Nikamweleza mimi ni nani na natafuta nini, kwamba mashimo nitayafukia na kitakachopatikana tutakiangalia pamoja, yeye akiwa wa kwanza kusema. Akamwita mjukuu wake asikie. Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akajua. Ndipo nikaleta mashine. Bibi akasema, "Chimba mwanangu, ila mihogo yangu usiiguse."

Misumari, misumari, kifuniko. Halafu chini ya mwembe mlio safi, unarudi palepale kila nikipitisha sahani, upande huu na upande ule. Huo ndio mlio wa kuchimba. Unaokuja mara moja na kupotea uache. Nilikata majani kwa kisu pande tatu, nikafunua kama mfuniko. Kina cha kiganja hivi, kwenye ukuta wa shimo, ikaonekana kingo ya kijani. Niliitoa kwa vidole. Nikaimwagia maji tu. Taji. Chini yake 1916. Herufi D.O.A., yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani kwa lugha yao, na T ndogo, T ya Tabora.

Heller 20, sarafu ndogo ya Mjerumani. Waingereza walikuwa wamefunga bahari, fedha haziji kutoka Ujerumani, Wajerumani wakafyatua zao hapahapa mjini kwetu, hata kwa shaba ya maganda ya mizinga. Mwaka huohuo walipiga na ile ya dhahabu yenye tembo, rupia 15, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, sarafu kama elfu 16 tu. Hiyo yenye tembo ndiyo inayowatoa watu akili. Mimi nilikaa chini palepale na ya shaba mkononi, na sikuitamani nyingine.

Kijana wa Urambo, hujaniuliza hili lakini ndilo jibu lenyewe. Mashine yoyote ya kawaida yenye kusawazisha ardhi inatosha. Usimalize milioni na laki sita, nusu yake inatosha, nyingine rudisha shambani. Rupia ziko kwenye viwanja vya watu. Anza na watu. Omba ruhusa, na ukipewa, omba tena siku ya pili. Waliotuita usiku ule na kuku mweusi hawakuwahi kumwuliza mwenye shamba hata jina.

Nilimpelekea bibi ile sarafu kwenye kiganja. Akaisogeza karibu na jicho, nikamsomea: heller ishirini. Akarudia polepole. "Heler. Kumbe hela." Nikamwambia ndiyo, neno tumelitoa hapo. Akaifunga kwenye pindo la khanga yake, mafundo mawili, akaniuliza kama nimeshakula.