Matembezi ya kando ya ziwa kwa mzee mwenye magoti mabovu: uende Matema, Ngosi iache

Ndugu uliyeuliza, umesema baba yako anatembea kwa mkongojo, anatamani kuiona Hifadhi ya Taifa Kitulo, na katika safari hiyohiyo angependa kutembea kando ya ziwa bila kupanda mlima. Nakujibu kwa urefu kwa sababu nilikuwa na swali kama lako kuhusu mama yangu, na mara ya kwanza nilikosea.

Kitulo, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2005 na ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu, ni uwanda wa nyasi na maua ulio kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, na si mahali pa kutembea ufukweni. Ziwa utalipata ukishuka, na katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania watu wengi watakutajia Ngosi kwanza. Ngosi ni ziwa la kreta, yaani lililo ndani ya shimo la volkano, katika milima ya Uporoto, zuri kupita maelezo, nami ndiko nilikompeleka mama baada ya kuhakikishiwa na mtu aliyetuongoza kwamba ni mwendo mdogo tu. Kweli umbali si mrefu, lakini karibu njia yote ni kupanda ndani ya msitu wa mvua, juu ya mizizi na udongo unaoteleza, na ukifika ukingoni bado maji yako chini yako, nyuma ya ukuta wa kreta wenye zaidi ya mita 150. Mama alikaa juu ya gogo katikati ya msitu akanisihi niende peke yangu. Sikwenda. Tuliteremka taratibu tukishikana mikono, na magoti yake yalimuuma kwa siku kadhaa. Tangu siku hiyo, nikiambiwa njia ni fupi, kwanza nauliza ardhi yake ikoje.

Safari ya pili tulipitia Tukuyu na kusimama Masoko, katika barabara ya kuelekea Ipinda. Ziwa Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba, nalo ni la kreta, lakini ni dogo na la mviringo, upana wake ni kama mita 700, na gari hufika karibu nalo, penye boma la mawe la Wajerumani ambalo baadaye lilitumika kama mahakama. Wazee wa hapo watawasimulia habari za fedha ambazo Wajerumani walizitupa majini walipokimbia vita. Mimi lililonigusa zaidi ni la samaki: mwaka 2015 wanasayansi walichapisha utafiti kuhusu samaki wa ziwa hilo, wakionyesha kwamba jamii moja imeanza kugawanyika kuwa mbili, wale wa manjano wakiishi kwenye maji ya kina kifupi na wale wa buluu kwenye kina kirefu. Mama alikaa kivulini akiyatazama maji hayo kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kwa baba yako nusu saa ya hapo inatosha, maana matembezi yenyewe yako mbele.

Matembezi hayo ni ya Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambako milima ya Livingstone inasimama ghafla juu ya maji huku ufukwe wenyewe ukiwa tambarare. Tulitoka saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa sababu ziwa liko kwenye mwinuko usiofika mita 500 juu ya usawa wa bahari na mtu aliyezoea baridi ya Uyole, kule Mbeya, huchoka upesi kwa joto la huko. Mchanga mkavu wa juu ni laini, miguu huzama, na kwa goti bovu ni mateso. Mtembeze baba kwenye mchanga uliolowa karibu na maji, ambao umeshikana na mkongojo hauzami. Hata hapo ufukwe huinama kidogo kuelekea ziwani, kwa hiyo mguu mmoja hubeba uzito zaidi. Sisi tulikuwa tukipumzika kila baada ya dakika kumi, tukiketi juu ya mitumbwi iliyopinduliwa baada ya kuwaomba ruhusa wenyewe. Kama angekuwa anatumia kiti cha magurudumu nisingekushauri ufukwe kabisa, bali njia ya kijijini. Miezi ya katikati ya mwaka upepo wa mwera huweza kuleta mawimbi makubwa, nayo maji hufunika sehemu ile ngumu ya kutembelea. Midomo ya mito msiikaribie, kwa ajili ya mamba.

Panga siku hiyo iwe Jumamosi. Ukiufuata ufukwe kuelekea mashariki utafika Lyulilo, kwenye mnada wa vyungu vya Wakisi, watu wa kando ya ziwa hili. Vyungu hivyo hufinyangwa na wanawake kwa mikono mitupu, na vingi huja kwa mitumbwi kutoka Ikombe, ng'ambo ya miamba. Mama, ambaye amepikia vyungu hivyo maisha yake yote akivinunua mjini, alimkuta mfinyanzi wa rika lake, wakasalimiana kwa heshima kama ndugu waliopotezana, akaonyeshwa namna ya kugonga chungu kwa kidole na kusikiliza kama kina ufa. Alinunua viwili. Kurudi hakutembea tena: tulikodi bodaboda, dereva akaenda polepole, nami nikafuata kwa miguu nikiwa nimebeba vyungu.

Mlale Matema usiku mbili, ili asubuhi ya matembezi isiwe pia asubuhi ya safari ndefu. Kitulo iwe ya mwisho: mkirudi kuelekea Mbeya, pindeni Isyonje mpande kupitia Kikondo, na kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, gari ndilo lifanye kazi ya kutembea. Maua hupendeza zaidi kati ya Desemba na Aprili, wakati wa mvua, kwa hiyo ulizeni hali ya barabara kabla ya kupanda. Mengi huonekana kutoka barabarani. Baba atashuka mahali palipo tambarare, na koti zito liwe karibu naye.